Beni, Lubero, Ituri: Namna shairi linasema mateso yenye hesabu ya wafu haisemi

Kuna sentensi moja yenye kila mukaaji wa Beni anaijua kwa kichwa. Inaanza na hesabu, inafuata na neno «raia», kisha jina la kijiji, kisha «waasi wanaodhaniwa kuwa wa ADF», na inaisha kwa kusema kwamba hesabu hiyo ni ya muda tu. Tangu mwezi wa kumi mwaka 2014 sentensi hiyo imesomwa kwenye redio, imetumwa kwenye vikundi vya WhatsApp na kuandikwa kwenye kurasa sawa hii mara nyingi sana, mpaka inaonekana ni jina la kijiji pekee ndilo linabadilika: Ngadi, Rwangoma, Mukondi, Kasindi, Komanda, Ntoyo. Katika miezi mitatu ya mwisho ya 2014 peke yake, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu ilihesabu raia wasiopunguka 237 wenye waliuawa katika eneo la Beni.

Sentensi hiyo si ya uongo. Kazi yake ni kusema nini imefanyika, wapi na lini, na inaifanya. Lakini mama mwenye alikimbia usiku na mutoto mugongoni, akaacha mwingine ndani ya nyumba akifikiri baba yake amemubeba, akiisikia asubuhi hajioni ndani yake. Yeye si hesabu ya muda.

Ndiyo maana mateso ya hapa yamejitafutia njia zingine: nyimbo za matanga, kwaya za makanisa, mashairi yenye wanafunzi wanaandika ndani ya daftari, na slam yenye vijana wa Goma, Beni na Butembo wanasema jukwaani ao mbele ya telefoni. Watu wengi wanasikiliza, wanalia, wanatumia rafiki. Wachache ndio wanajiuliza: ni nini hasa yale maneno yanafanya, mpaka mutu mwenye amesikia habari za mauaji mara mia moja anashituka ku mara ya mia moja na moja?

Jina lenye linahesabu ndugu

Njia ya kwanza ni ya zamani kuliko zote, nayo ni kutaja majina. Kwa Wanande jambo hilo lina nguvu ya pekee, kwa sababu jina linasema mutoto alizaliwa wa ngapi. Kijana wa kwanza ni Paluku ao Mumbere. Wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Binti wa kwanza ni Masika. Kila mutu wa Beni, Butembo na Lubero anajua jambo hili mbele ya kujua kusoma.

Sasa weka majina hayo ndani ya shairi. Mutunzi akisema tu kwamba Katembo hakurudi kutoka shamba, musikilizaji ameisha kuelewa kwamba kuna wakubwa wane wenye walizaliwa mbele yake, na anaanza kujiuliza wako wapi. Akisema Kambale, kisha Kasereka, kisha Kakule, mutu anahisi baridi: inaweza kuwa nyumba moja, ndugu watatu wenye wanafuatana. Hakuna mahali mutunzi ameandika neno «familia», wala «huzuni», wala «ukatili». Majina yamefanya kazi yote.

Kuna jambo lingine. Kwa sababu majina hayo yanabebwa na maelfu ya watu, orodha ya wafu wa kijiji kimoja inajirudia yenyewe. Kambale, Masika, Kambale, Paluku, Kambale. Wale wenye wanafundisha ushairi wa Kiswahili wanaita jambo hilo takriri, ni kusema kurudia neno kusudi liingie ndani ya musikilizaji. Mahali pengine mutunzi anatafuta takriri kwa akili yake. Hapa msiba wenyewe umemuletea. Kila Kambale ni mutu mwingine, na yule mwenye anasikiliza ana Kambale wake ku nyumba.

Wakenya walifika karibu na njia hiyo kwa barabara yao wenyewe. Tarehe 2 mwezi wa ine 2015, Al-Shabaab waliua watu 148 katika chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Hesabu yenye ilitangazwa kwanza ilikuwa 147, na watu wakaanza kusema kwa sauti kubwa kwamba 147 si namba tu. Walikusanyika Nairobi, katika bustani ya Uhuru, wakawasha mishumaa, majina yakatajwa. Haikuwa shairi lenye vina na mizani, lakini kazi yake ilikuwa ile ile.

Tofauti ni kwamba mu Garissa familia ziliweza kutaja majina waziwazi. Mu vijiji vya Beni na Irumu, watu wenye waliokoka wanarudi kulala karibu na pori lile lile lenye wauaji walitokea. Kutaja mutu na baba yake na mutaa wake kunaweza kuwaletea hatari ndugu wenye wamebaki. Hapo majina ya Kinande yanasaidia mara mbili: yanataja na kuficha kwa pamoja. Kambale wa ndani ya wimbo analiliwa na mama yake, lakini hakuna mugeni mwenye atajua nyumba yao iko wapi.

Sombe yenye ilibaki ku moto

Makosa yenye yanaonekana zaidi katika mashairi juu ya mauaji ni damu nyingi. Tuseme kijana anataka kutunga juu ya mama mwenye aliuawa shambani. Anaweza kuandika hivi:

Damu ilitiririka sawa mto,
Ardhi ikalia, mbingu zikalia.

Mistari hiyo imetungwa hapa kwa kueleza tu, lakini kila mutu amesikia yenye kufanana nayo. Kosa lake si kwamba inapita kiasi. Kupitisha kiasi, chuku, ni silaha halali ya mushairi. Kosa ni kwamba hakuna mutu ndani yake. Damu hiyo inaweza kuwa ya vita yoyote, ya inchi yoyote, na masikio ya watu wa hapa yameisha kuizoea sawa yalivyozoea ile sentensi ya redio. Sasa tuseme kijana yule anafuta yote na kuandika:

Sombe ilibaki ku moto.
Jirani aliitelemusha.
Hakuna mwenye aliuliza nani atakula.

Damu imepotea, mauaji yenyewe yamepotea. Lakini kila mutu mwenye amekula ku nyumba ya Kongo anajua sombe inachukua wakati mrefu kuiva. Mama aliiacha ku moto kwa sababu alitumaini kurudi mbele haijaiva: shamba halikuwa mbali, ao alikwenda kuchukua kitu kidogo tu. Ile sufuria inapima wakati kati ya uzima na kifo bila kutaja saa. Jirani anafanya jambo la kila siku, kutelemusha sufuria isiungue, kwa sababu mikono ya mutu inatafuta kazi wakati moyo haujui la kufanya. Na ule mustari wa tatu unaacha watoto wamekaa bila kuwataja.

Hii ndiyo njia yenye watunzi wazuri wanatumia: kitu kidogo kinasimama mahali pa mutu mwenye hayupo. Babushi moja kando ya barabara. Kikwembe ku kamba, chenye kimeisha kukauka na hakuna mwenye anakianua. Jembe. Daftari la hesabu lenye mwalimu hajasahihisha. Ni vitu vya watu wadogo, na ndiyo maana vinasema mateso ya watu wadogo. Mukubwa akifa, anaachiwa sanamu na hotuba.

Kakao inastahili kutajwa peke yake. Katika eneo la Beni kakao ndiyo inalipa pesa za masomo, mabati ya nyumba na hospitali. Wakulima wengi wameuawa ndani ya mashamba hayo ao njiani wakienda kuvuna, na wengine hawathubutu tena kukanyaga huko. Kwa musomaji wa mbali, matunda ya kakao yenye kuwa mausi juu ya muti ni picha ya kupendeza ya huzuni. Kwa mutu wa Mbau ao Mutwanga ni hesabu ya nyumbani: matunda hayo meusi ni mutoto mwenye atafukuzwa masomo mwezi ujao. Taswira moja, maana mbili. Mushairi mwenye anajua watu wake hana haja ya kueleza maana ya pili, na pengine ni vizuri asiieleze.

Dakika ine mbele ya bomu

Mauaji ya mupanga ya usiku na bomu lenye linategwa mahali pa watu wengi si jambo moja kwa mutunzi. Bomu lina saa. Mutu mwenye alielewa jambo hilo kuliko wengi ni Wisława Szymborska, mushairi mwanamuke wa Poland mwenye alipata zawadi ya Nobel mwaka 1996. Miaka 20 mbele ya zawadi hiyo, alitoa shairi juu ya mutu mwenye ametega bomu ndani ya baa na anaangalia kutoka ng'ambo ya barabara. Zimebaki dakika ine. Shairi halisemi kitu juu ya dini yake, siasa yake wala hasira yake. Linahesabu wakati tu, na kutaja wenye wanaingia na wenye wanatoka. Kuna mutu mumoja ameisha kutoka, ameokoka bila kujua, lakini anarudi ndani kuchukua glavu zake.

Musomaji wa Beni hana haja ya kufika Poland kuelewa shairi hilo. Siku ya Noeli 2021, mutu mwenye alivaa bomu alifika ku baa moja katikati ya muji, watu wamejaa wanasherehekea. Walinzi walimuzuia ku mulango, akajilipua pale pale. Watu wasiopunguka watano waliuawa pamoja naye, watoto wakiwa kati yao, na wengine wengi waliumia. Kila mutu mwenye alikuwa muji ule siku ile ana hadisi yake ya glavu: mwenye alitoka kununua kadi ya telefoni, mwenye alichelewa juu ya mvua, mwenye alibadilisha kiti na rafiki.

Kiswahili kina chombo kwa jambo hili chenye lugha nyingi zinakitafuta kwa maneno mengi. Ni ile silabi ndogo «-ngali-». Angalichelewa. Tungalibaki nyumbani. Asingalirudi kuchukua kikwembe. Ndani ya neno moja kuna mambo mawili: kile chenye kingaliwezekana, na hakika kwamba hakikuwezekana. Katika mazungumuzo ya kawaida Wakongo wengi tunaiacha, tunasema mambo kwa njia fupi zaidi. Lakini sikiliza mutu mwenye analia ku matanga: maneno ya aina hiyo yanarudi, hata kwa mutu mwenye hakusoma sarufi. Mutunzi mwenye anayarudia mwanzoni mwa kila ubeti anaandika tu namna akili ya mufiwa inavyozunguka usiku kucha.

Kasindi, siku ya Mungu tarehe 15 mwezi wa kwanza 2023, bomu lililipuka ndani ya kanisa la Kipentekoste wakati wa ibada ya ubatizo. Watu zaidi ya kumi walikufa, makumi waliumia, na kundi la Islamic State likasema ni watu wake. Komanda, mu Ituri, usiku wa kuamukia tarehe 27 mwezi wa saba 2025, wauaji waliingia mahali waamini walikuwa wakikesha katika maombi ku parokia ya Kikatoliki. Zaidi ya 40 waliuawa, kati yao watoto. Kwa mushairi, mambo kama hayo ni magumu kwa sababu yamejaa kinaya tayari. Mutu anaingia ndani ya maji ya ubatizo kusudi azaliwe upya. Wengine wanakesha kwa maombi kusudi usiku upite salama. Hapo mutunzi mwenye hekima anapunguza sauti. Kusema «ona ajabu, waliuawa wakiomba» ni kumupiga musikilizaji kwa kitu chenye ameisha kukiona. Kwaya zenye zinaimba juu ya mambo hayo mara nyingi zinafanya vizuri zaidi: zinachukua maneno ya ibada yenyewe, amina, bwana utuhurumie, na kuyaacha yasikike tena, sasa yakiwa na uzito mwingine.

Tena kuna Ntoyo, katika eneo la Lubero. Mwanzo wa mwezi wa kenda 2025 watu walikuwa wamekusanyika ku matanga, wanamulilia mufu wao. Wauaji wakafika. Zaidi ya 60 walikufa. Katika desturi zetu matanga ndiyo mahali mateso yanapata sauti: mutu mumoja anaanza wimbo, wengine wanaitikia. Kuitikia ndiyo kazi ya jirani. Ku Ntoyo wenye kuitikia nao waliuawa. Shairi lenye linataka kusema usiku ule linaweza kufanya jambo moja rahisi sana: mwimbaji aanze, na mahali pa kiitikio pabaki patupu. Anaanza tena. Patupu. Mutu akifanya hivyo jukwaani, watu ndani ya chumba hawajui kama waitikie ao wanyamaze, na ile aibu yao ya kutojua ndiyo shairi.

Szymborska, tena yeye, aliandika juu ya picha ya watu wenye walijitupa kutoka majumba marefu ya New York tarehe 11 mwezi wa kenda 2001. Aliwaacha hewani. Alikataa kuandika mustari wa mwisho. Slam ya kwetu mara nyingi inafanya kinyume: inamaliza kwa kelele, kwa ombi kwa serikali ao kwa neno la matumaini kusudi watu wapige makofi. Inaeleweka. Jukwaa linaomba makofi, na vijana wengi wenye wanasema slam ni wanaharakati pia; wanataka jambo libadilike kesho. Lakini makofi yanafunga mulango wenye shairi lilikuwa limefungua.

Kwa nini utenzi unashindwa hapa

Mutu mwenye alisoma Kiswahili ku chuo atauliza: na utenzi je? Kiswahili kina desturi kubwa ya kuandika vita kwa tenzi, beti za mistari mine, mizani minane kila mustari, na kina cha mwisho chenye hakibadiliki kutoka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alieleza namna hiyo vita vya pwani na Wadachi. Abdul Karim bin Jamaliddini alieleza Majimaji.

Umbo hilo ni zuri, lakini linataka pande mbili zenye zinapigana. Linataka majina ya mashujaa, kupiga na kujibu. Katika kijiji chenye kimevamiwa saa saba za usiku upande mumoja umelala. Hakuna shujaa, labda yule mwenye alipiga kelele kuamusha majirani, na huyo mara nyingi ndiye alikufa wa kwanza. Ukitia jambo hilo ndani ya utenzi wa vita, unawapa wauaji cheo chenye hawastahili: cha maadui wenye walikuja kupigana. Chenye kinaweza kubaki kutoka utenzi ni kile kina cha mwisho chenye kinarudi, ubeti kwa ubeti, sawa kijiji kingine chenye kinaingia ndani ya orodha ile ile.

Sitiari inaweza kuua

Kuna upande wa jambo hili wenye hausemwi sana kwenye majukwaa. Shairi la mateso liko karibu sana na shairi la chuki, na daraja kati yao ni sitiari. Kuita wauaji nyoka, fisi, wadudu, ni rahisi, na mutu mwenye amezika mutoto wake ana haki ya kutafuta neno kali. Lakini wauaji hawaonekani. Wanakuja usiku, wanarudi porini. Neno «nyoka» linabaki kijijini asubuhi na linatafuta mutu wa kukalia: mugeni, mupita njia, jirani mwenye anasema lugha ingine, mutu mwenye anaomba ku musikiti.

Beni imeisha kuona jambo hilo. Mwisho wa mwezi wa kumi 2014, wakati mauaji yalikuwa mapya, kundi la watu lilimuua kijana mumoja kwa kumushuku tu kuwa mwasi. Hakuna mwenye alingojea polisi wala ushahidi. Mu jimbo lenye lugha na makabila mengi, lenye liko chini ya uongozi wa kijeshi tangu mwezi wa tano 2021, maneno ya wimbo yanasafiri mbio kuliko maelezo yake.

Watunzi wengine wamepata njia ya kusema hasira bila kumuonyesha mutu kidole. Wanatumia tashihisi, ni kusema kukipa kitu nafsi ya mutu. Wanamuuliza usiku: wewe ulikuwa wapi? Wanaiuliza barabara ya Mbau kwenda Kamango: ulimeza wangapi? Wanaambia Ruwenzori kwamba inaona yote kutoka juu na haishuki kutoa ushahidi. Mulima hauwezi kukamatwa na kundi la vijana. Na maswali hayo, yenye yanaonekana kuelekezwa kwa mulima, mara nyingi yanafika vizuri kabisa kwa wenye wanalipwa mushahara wa kulinda raia.

Nani ana haki ya kusema «mimi»

Mushairi mwenye alilala Goma ao Kinshasa usiku wa mauaji anaweza kusema «nilisikia mulango ukivunjwa»? Swali hili linagawanya watu. Kuna wenye wanasema mushairi anakopesha sauti yake kwa mwenye hana. Kuna wenye wanasema anaiba. Wote wana sababu, lakini kuna alama moja ya kupima: je, mwenye aliokoka akisikiliza, atatambua usiku wake, ao atatambua tu huzuni ya mushairi? Wenye waliokoka mara nyingi hawasemi mambo makubwa. Wanasema walikuwa na kiu. Wanasema walishika mutoto mudomo asilie, na mupaka leo wanaogopa walimushika kwa nguvu sana. Shairi lenye linasema kiu hiyo lina haki zaidi kuliko lenye linasema kuzimu.

Tena kuna jambo la kuomba ruhusa. Kundi sawa Goma Slam Session limefanya slam ijulikane katika Kivu, na mashindano, video na mialiko vimefuata. Hilo ni jambo jema. Lakini hadisi ya mama wa Oicha ikisafiri mpaka Ulaya ndani ya mudomo wa kijana, ni haki mama huyo ajue, na aweze kusema «lile neno usiliseme».

Mushairi mwenyewe hayuko juu ya mambo hayo. Kofi Awoonor, Mughana, alikulia ndani ya nyimbo za kilio za Waewe; bibi yake alikuwa mwimbaji wa nyimbo hizo, na yeye alijenga mashairi yake ya kwanza juu yake. Mwezi wa kenda 2013, akiwa na miaka 78, alialikwa Nairobi ku tamasha la vitabu. Tarehe 21 alikuwa Westgate wakati Al-Shabaab walishambulia, na akauawa pamoja na watu wengine zaidi ya 60. Siku ile hakuwa mushairi. Alikuwa muzee mumoja ndani ya duka, na mwana wake alikuwa naye, akaumia.

Bado kuna swali la lugha. Shairi la Kifaransa linafika Kinshasa, Bruxelles na Paris, ku wale wenye wanaweza kuandika ripoti na kutuma pesa. La Kiswahili linafika Bunia, Oicha na Bukavu. La Kinande linafika ndani ya jiko. Vijana wengi wanachanganya lugha hizo tatu ndani ya slam moja, na mara nyingi wanafanya hivyo kwa akili: Kifaransa kwa maneno ya ofisi, Kiswahili kwa hadisi, Kinande kwa kilio, pale mutu hana nguvu tena ya kutafsiri.

Lakini kuna mpaka mumoja wenye majina yanavuka bila viza. Tarehe 16 mwezi wa sita 2023, wauaji walivuka kutoka Kongo na kushambulia masomo ya sekondari ya Lhubiriha, ku Mpondwe, upande wa Uganda, mbele kabisa ya Kasindi. Watu 42 waliuawa, kati yao wanafunzi 37, wengine wakiwa wamefungiwa ndani ya vyumba vya kulala vyenye viliwashwa moto. Wakonzo wa upande ule na Wanande wa upande huu wanasema karibu lugha moja na wanapa watoto majina kwa desturi ile ile. Kambale huko ni Bwambale. Kasereka ni Masereka, Kakule ni Kule, Katembo ni Thembo; Mbusa anabaki Mbusa. Mama wa Kasindi mwenye alisikia majina yakisomwa ng'ambo ya mto hakuhitaji mutu wa kumutafsiria. Alijua kila mama alikuwa amepoteza mutoto wake wa ngapi.